Jinsi ya kuchagua hudi ya lenzi inayozuia jua bila kutia giza kona za picha

Hudi ni kile kipande cha plastiki au mpira kinachofungwa mbele ya lenzi ili kuikinga na mwanga wa pembeni. Wapigapicha wengi huinunua kwa kuangalia kipenyo peke yake. Lenzi imeandikwa 58, mtu anaomba hudi ya 58, inaingia vizuri, analipa na kuondoka. Siku ya harusi anafungua picha kwenye kompyuta anakuta ukumbi umetoka safi, bibi harusi ametoka safi, ila kila picha ya familia ina kona nne nyeusi, na shangazi aliyesimama mwisho wa mstari amemezwa na giza.

Kipenyo kinakuhakikishia kwamba hudi itaingia, basi. Kama itaonekana kwenye picha au la, hilo linaamuliwa na pembe ambayo lenzi inaona, na hapo ndipo uchaguzi unapoanzia. Hudi nzuri inakaa nje kidogo tu ya pembe hiyo. Ikiwa mbali sana nayo, jua linapita. Ikiingia ndani, kona zinakufa.

Kabla ya kununua: je, tatizo lako linatibika kwa hudi?

Mwanga unaovamia lenzi huharibu picha kwa namna mbili. Ya kwanza ni ukungu: nyeusi inakuwa kijivu, rangi za kitenge zinapauka, uso wa mtu unakosa uzito. Ya pili ni madoa ya mwanga, mengine ya duara, mengine yenye kona, yaliyojipanga kwenye mstari unaoanzia upande wa jua na kukatisha fremu. Chanzo chake ni kimoja. Mwanga mkali unapiga kioo cha mbele, unadunda kati ya vioo vya ndani na kuta za lenzi, halafu unafika kwenye sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea picha, ukiwa hauna kazi yoyote pale. Lenzi za zumu, zile zinazoweza kuvuta karibu, huathirika kwa urahisi kwa sababu zina vioo vingi, na kila uso wa kioo hurudisha mwanga kidogo hata kama umepakwa dawa ya kupunguza mng'ao.

Fanya jaribio hili kabla hujatoa hela. Simama mahali unapotaka kupigia, jua likiwa mbele yako lakini nje ya fremu. Tazama kwenye kamera, kisha nyoosha kiganja juu ya lenzi upande wa jua, kama mtu anavyokinga macho akitazama mbali, bila vidole kuingia kwenye picha. Rangi zikikolea pale pale, hudi itakusaidia.

Zisipobadilika, tafuta sababu nyingine. Kama jua lenyewe limo ndani ya fremu, hakuna hudi duniani itakayolizuia. Sogea hatua mbili, lifiche nyuma ya mnazi au nyuma ya kichwa cha unayempiga. Kama kioo cha mbele kina alama ya kidole au chumvi ya bahari, kifute kwanza. Kama umefunga filta ya bei rahisi ya kulinda lenzi, ivue upige tena, maana filta ya namna hiyo ni uso mwingine wa kudundisha mwanga. Na kwa sisi tunaoishi pwani, Mombasa, Tanga, Dar, Unguja, mulika ndani ya lenzi kwa tochi ya simu. Joto na unyevu wa huku hulea kuvu ndani ya vioo. Lenzi yenye kuvu au utando itatoa picha zenye ukungu hata ukiifungia hudi ya bei ghali kuliko zote; hiyo inataka fundi.

Jua la kwetu lina tabia yake. Saa 6 mchana liko karibu utosini, na lenzi inayotazama mbele haipati shida nalo sana. Shida ni asubuhi na jioni. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua hushuka kwa kasi, karibu wima, na ule mwanga laini wa dhahabu haukai. Matokeo yake kila mtu hupigia katika muda huo mfupi, tena akielekea jua: Coco Beach alfajiri linapochomoza baharini, Forodhani jioni linapozama. Mchanga mweupe nao hutupa mwanga kutokea chini, ndiyo maana ufukweni hudi inatakiwa ikinge lenzi pande zote na siyo juu tu.

Hatua ya 1: Isome lenzi yako

Unahitaji mambo manne. La kwanza ni kipenyo cha filta, kile kinachoandikwa baada ya alama ya duara iliyokatwa na mstari, kwa mfano 49, 52, 58, 67 au 77mm. La pili ni namba ndogo kabisa ya urefu wa fokasi, yaani zile namba za mm zinazoonyesha lenzi inaona kwa upana au kwa kuvuta kiasi gani. Kwa lenzi ya 18-55 ni 18. Hiyo ndiyo namba inayotawala uamuzi wako, kwa sababu hapo lenzi inaona upana wake wote. Usidanganywe na 55.

La tatu ni sensa ya kamera. Lenzi ya 50mm kwenye fuli fremu, yaani kamera yenye sensa kubwa, inaona takriban digrii 47 kutoka kona hadi kona. Lenzi hiyo hiyo kwenye Canon yenye sensa ya APS-C, ambayo ni ndogo zaidi, inaona digrii 30 tu. Kwa hiyo hudi iliyotengenezwa kwa fuli fremu ni salama kwenye APS-C, ila ni fupi kuliko inavyohitajika na unaweza kutumia ndefu zaidi. Kinyume chake ni hatari: hudi iliyokaa sawa kwenye APS-C inaweza kuingia kwenye picha siku utakapofunga lenzi hiyo kwenye fuli fremu. Ukihama kamera, pima upya.

La nne watu hulisahau: je, sehemu ya mbele ya lenzi inazunguka unapofokasi? Weka kamera kwenye fokasi ya otomatiki, tia alama ndogo ya chaki au kipande cha selotepu kwenye pete ya mbele, bonyeza, uangalie. Canon EF-S 18-55mm IS II, ile iliyokuja na kamera za 600D na 2000D, inazunguka. Ile ya 18-55mm IS STM iliyokuja na 700D haizunguki. Kwa macho ni ndugu, zote ni za 58mm, lakini hudi zake ni tofauti kabisa, na sababu yake inakuja sasa hivi.

Hatua ya 2: Chagua umbo

Hudi yenye masikio, ile iliyokatwa-katwa ikabaki na vipande vinne, haikukatwa hivyo kwa urembo. Picha yetu ni mstatili. Lenzi ya 18mm kwenye Canon ya APS-C inaona digrii 45 kutoka juu hadi chini, karibu 64 kutoka kushoto kwenda kulia, na 73 kutoka kona hadi kona. Kwa hiyo hudi inaweza kuwa ndefu juu na chini, fupi kidogo kushoto na kulia, na inalazimika kuachia nafasi kwenye kona. Masikio marefu mawili hukaa juu na chini. Mikato minne huangalia kona nne. Kwa lenzi pana umbo hili hukinga zaidi kuliko duara, mradi likae sawasawa.

Likipinda, linaumiza. Ndiyo sababu hudi ya masikio haifai kwenye lenzi ambayo mbele yake inazunguka: ukifokasi, sikio refu linahamia kwenye kona. Canon walilijua hilo. Hudi ya 18-55mm IS II ni EW-60C, ya duara na fupi. Hudi ya 18-55mm IS STM ni EW-63C, ya masikio.

Kwa sababu hiyo hiyo mimi siipendekezi hudi ya masikio inayofungwa kwa hesi (kwa kuzungusha kama skrubu), zile zinazouzwa kwa kipenyo tu. Hesi inakaza pale inapoamua yenyewe, na masikio yanaweza kuishia popote. Chache zina pete ya pili ya kukazia baada ya kuzilenga, na hizo afadhali, ila zikigongwa kidogo kwenye begi zinahama. Ya masikio nunua ile ya kuingiza na kugeuza mpaka isikike "ta!", yenye nukta inayokutana na nukta ya kwenye lenzi.

Hudi ya duara ndiyo inayofaa lenzi za 50mm, 85mm na zumu ndefu. Haijali imegeuka upande gani, na kwa pembe nyembamba inaweza kuwa ndefu ikakinga vizuri sana.

Ya mpira inayokunjika ni rafiki wa anayesafiri. Inapenya kwenye begi lolote, na ukiibandika kwenye kioo cha gari au dirisha la ndege inaziba mwanga wa ndani usijirudishe kwenye picha. Nyingi zina hatua tatu: ikikunjwa yote ni ya lenzi pana, katikati ni ya kawaida, ikinyooshwa ni ya lenzi ndefu. Anayetumia 18-55 akae kwenye ile iliyokunjwa na asiinyooshe akiwa kwenye 18.

Hatua ya 3: Taja jina la hudi dukani, kipenyo hakitoshi

Kampuni zimezipa hudi majina, na jina ndilo linalobeba pembe. Kwa Canon, EW ni ya lenzi pana, ES ya kawaida, ET ya lenzi ndefu. Namba inayofuata inahusu kipenyo cha pale hudi inapofungwa na siyo cha filta, ndiyo maana 50mm f/1.8 STM yenye filta ya 49 hutumia ES-68. Herufi ya mwisho hutofautisha matoleo. Kwa Nikon, HB ni ya kuingiza na kugeuza, HN ni ya hesi, HR ni ya mpira.

Tazama jinsi jina linavyookoa. EF-S 55-250mm IS STM nayo ina filta ya 58, na hudi yake ni ET-63. Kwenye 55mm lenzi hiyo inaona kama digrii 27, kwenye 250 inaona kama 6, kwa hiyo hudi yake ni ndefu. Hizo tayari ni lenzi tatu za kampuni moja, filta zote 58, hudi tatu tofauti. Ukiingia duka la Kariakoo au Luthuli Avenue ukasema "nipe hudi ya 58", muuzaji anaweza kukupa yoyote ile na akawa hajakudanganya. Sema: "Naomba EW-63C ya 18-55 STM." Nakala za kampuni nyingine zenye jina hilo hilo zinatosha kabisa kwa kazi, na mimi sioni sababu ya kulipia nembo kwenye plastiki. Kagua tu kwamba inageuka mpaka mwisho, inashika, na haichezi.

Hatua ya 4: Kama hakuna hudi ya lenzi yako, piga hesabu

Lenzi za zamani zilizonunuliwa mkononi mara nyingi hazipatikani na hudi yake. Hapo hesabu ya dakika moja inatosha. Chukua nusu ya mshazari wa sensa: 21.6mm kwa fuli fremu, 14.1 kwa APS-C ya Nikon na Sony, 13.4 kwa APS-C ya Canon. Gawa kwa urefu wa fokasi mdogo kabisa wa lenzi. Zidisha kwa urefu wa hudi, ukipima kutoka pete ya mbele ya lenzi hadi mdomo wa hudi. Jibu lijumlishe na nusu ya kipenyo cha filta, kisha zidisha kwa mbili. Hicho ndicho kipenyo cha mdomo wa hudi ya duara ambacho hakitagusa kona.

Mfano: 50mm yenye filta ya 49 kwenye fuli fremu, hudi ya urefu wa 30mm. 21.6 gawa kwa 50 ni 0.432, mara 30 ni karibu 13. Jumlisha 24.5, unapata 37.5. Mdomo uwe 75mm au zaidi. Kwenye Canon ya APS-C, hesabu hiyo inashuka hadi 65mm.

Sasa jaribu 18mm yenye filta ya 58 kwenye Canon ya APS-C kwa urefu ule ule wa 30mm: mdomo unatakiwa uwe kama 103mm, upana wa sahani ndogo mbele ya lenzi yako. Punguza urefu uwe 10mm, mdomo unarudi kwenye 73mm. Ndiyo maana hudi za lenzi pana ni fupi hivyo.

Hesabu hii imekaa upande wa usalama, maana lenzi nyingi hazitumii kioo cha mbele hadi ukingoni. Hata hivyo ongeza milimita mbili tatu. Lenzi yenye kituliza mtikisiko husogeza picha kidogo wakati inafanya kazi, na kona ndiyo ya kwanza kuumia. Na kama hudi yako ni ya hesi inayofungwa juu ya filta, unene wa filta ni sehemu ya urefu wa hudi. Uingize kwenye hesabu. Hudi ya kuingiza na kugeuza hushika mwili wa lenzi kwa nje, kwa hiyo filta haiisogezi.

Hatua ya 5: Ijaribu kwenye ukuta mweupe

Hatua hii usiiruke, hata kama hudi ni ya kampuni. Usitegemee kutazama kwenye kitundu cha kamera. Kamera kama 600D na 2000D huonyesha humo takriban asilimia 95 tu ya picha, na asilimia inayofichwa iko pembezoni, pale pale unapotaka kuona. Isitoshe, kitundu kinaonyesha apecha, lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga, ikiwa wazi, na apecha ikiwa wazi ukingo wa hudi unafifia hadi usiutambue.

Tafuta ukuta mweupe ulio kivulini, wenye mwanga sawa kote, au tumia mbingu yenye mawingu. Zumu iwe kwenye namba ndogo kabisa. Fokasi iwe ya mkono, uipeleke mwisho kwenye umbali usio na kikomo. Piga picha nne: bila hudi kwa apecha iliyo wazi kabisa, bila hudi kwa f/16 (apecha ikiwa imebanwa), halafu hizo mbili tena ukiwa na hudi. Rudia ukiwa umefokasi karibu kabisa, kwa sababu pembe ya baadhi ya lenzi hupanuka kidogo zinapofokasi karibu. Zifungue kwenye kompyuta, uzipitishe moja baada ya nyingine ukitazama kona tu.

Namna ya kuzisoma ni hii. Kona zikiwa na giza laini linaloonekana hata bila hudi, na linalopungua au kuisha ukifika f/8 au f/16, hiyo ni tabia ya lenzi yenyewe na hudi haina kosa. Programu ya kuhariri inalirekebisha kwa kubofya mara moja. Giza likitokea ukiwa na hudi tu, na kwa f/16 likapata ukingo unaoonekana waziwazi, hudi imeingia kwenye picha. Ikiwa kona zote nne zimeguswa sawa, hudi ni ndefu mno au nyembamba mno. Ikiwa ni kona mbili zinazotazamana kwa mshazari, tuseme ya juu kulia na ya chini kushoto, hudi yako ya masikio imepinda. Igeuze mpaka mwisho, upige tena. Ikiwa upande mmoja tu, kuna kitu kingine: mkanda wa kamera, kidole, au hudi iliyolegea inayoinama.

Wakati uko hapo, jaribu na upande wa pili wa kazi yake. Chumba kikiwa na giza kiasi, mtu ashike tochi ya simu pembeni, nje kidogo ya fremu, aielekeze kwenye lenzi. Piga na hudi, piga bila hudi. Tofauti ikiwa ndogo sana kwenye lenzi ya 50mm au ndefu zaidi, hudi yako ni fupi na una nafasi ya kuchukua ndefu.

Hatua ya 6: Angalia ndani yake

Hudi za bei ya chini huwa na ubaya mmoja: plastiki ya ndani inang'aa. Jua linapiga ukuta wa ndani na kudundia kwenye kioo, yaani hudi inaleta kile kile ulichoinunua izuie. Iinamishe chini ya taa utazame ndani. Ukiona mng'ao, ipake rangi nyeusi isiyong'aa, au bandika kitambaa chembamba cha mahameli nyeusi. Kisha rudia jaribio la ukuta, maana kitambaa nacho kina unene.

Ukishaipata

Ifunge na ifanye kazi. Barabarani unaona watu wanapiga picha huku hudi imegeuzwa nyuma kama ilivyokaa kwenye begi. Ikiwa hivyo haikingi chochote, na mara nyingi inafunika pete ya zumu au ya fokasi.

Ukitumia flashi ndogo iliyomo kwenye kamera, vua hudi. Flashi hiyo iko chini, na hudi inatupa kivuli cha nusu duara chini ya picha, hasa kwenye 18mm. Flashi ya kuchomeka juu kwa kawaida huinuka vya kutosha, ila piga moja ya majaribio.

Kwa zumu, kumbuka kwamba hudi inayosalimisha kona kwenye 18 ni fupi mno kwenye 55. Jioni ukiwa umevuta karibu na jua limekaa pembeni, ongeza kiganja juu ya hudi. Na kwa lenzi pana sana kama 10-18mm, hudi husaidia kidogo tu hata ikiwa ndiyo yenyewe, kwa sababu pembe ni kubwa mno. Hapo msaidizi mwenye mwavuli mweusi ana thamani kuliko plastiki yoyote. Asimame upande wa jua, atupe kivuli juu ya kioo cha mbele, nawe ukague kona ya upande wake katika kila picha, maana mwavuli nao huingia kwenye fremu bila kubisha hodi.